Winchi ya nyuma ya trekta dogo: mwaka wangu wa kutoa magogo korongoni

Shamba langu la misindano liko Mufindi, ekari nne kwenye mteremko unaoishia korongoni. Kukata hakujawahi kunisumbua. Chensoo inaangusha mti kwa dakika chache. Kazi ilikuwa kulitoa gogo kule chini hadi juu, mahali dingdong, mashine ya kupasua mbao inayohamishika, inapoweza kusimama. Gogo bichi la mita 4, lenye kipenyo cha sentimita 40, linakaribia nusu tani. Vijana sita na mitaimbo yao walikuwa wakipandisha magogo matano kwa siku, na jioni hakosi aliyebanwa kidole.

Mwaka jana nikapata trekta dogo la Kubota lililotumika, la nguvu za farasi 34. Kifaa cha kwanza alinichomelea fundi wa mtaani: chuma kinene kinachoshikwa na ile mikono miwili ya chini ya kuinulia, nyuma ya trekta, chenye nafasi za kunasa mnyororo. Unalikaba gogo, unainua mikono, kichwa chake kinaacha ardhi na mkia tu ndio unaoburuzwa. Kwa tambarare nakisifu bila kusita. Gogo halilimi njia, na gamba halijai mchanga unaoua makali ya msumeno wa dingdong.

Lakini uzito wote unakaa nyuma. Usukani ukawa mwepesi, trekta haligeuki nilikotaka, mpaka nilipofunga vyuma vya kilo 120 mbele.

Halafu ikaja siku ambayo sijaisahau. Mnyororo ulikuwa mfupi, nikaunasa pale juu unapofungwa mkono wa tatu wa kuinulia, juu ya ile miwili. Gogo likakwama kwenye kisiki, nami nikaongeza mafuta. Tairi za mbele zikainuka. Mbele ya boneti sikuona tena shamba, niliona mawingu. Nilikanyaga klachi, likarudi chini kwa kishindo, nikashuka miguu ikitetemeka. Trekta hupinduka kinyumenyume ndani ya sekunde mbili hivi. Ningechelewa kidogo tu, mke wangu angeitwa shambani. Wenzangu, mahali pa kunasa mnyororo pakae chini ya usawa wa ekseli ya nyuma, siku zote, hata kama gogo ni moja na jioni imeingia. Na mkanda ufungwe kama trekta lina fremu ya kumlinda dereva.

Baada ya hapo nikanunua winchi ya kufunga nyuma. Bei iliniuma, ila ndiyo iliyobadilisha kazi yangu. Inazungushwa na PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaopeleka nguvu ya injini kwenye kifaa, waya wake una mita 50, na nguvu yake ya kuvuta ni tani 3.5. Trekta linabaki juu penye usawa, bamba la winchi linashushwa likajichimbia ardhini, na gogo ndilo linalopanda kulifuata. Mimi nasimama pembeni na kamba ya kuiendeshea, mbali na mstari wa waya, maana waya ukikatika unachapa. Sasa mimi na vijana wawili tunatoa magogo 20 kwa siku.

Muuzaji sikumpenda. Alinipa shafti ya PTO iliyokuwa ndefu kuliko inavyotakiwa kwa trekta langu, bila neno. Nilipoinua mikono, shafti ikagota na kuanza kusukuma beringi. Fundi aliikata sentimita 6 ikatulia. Pima yako kabla ya kuwasha. Nunua pia boliti za akiba za shafti, zile zinazokatika makusudi mzigo ukizidi. Yangu ilikatika saa nne asubuhi na kazi ikalala. Glavu ziwe za ngozi, kwa sababu nyuzi za waya zikichakaa huchoma kama miiba.

Wakati wa mvua sivuti magogo kabisa. Njia ya gogo kwenye tope huwa mfereji, na mfereji ule huzaa korongo jingine.

Kimebaki kipande kimoja nyuma ya miti ambayo bado sijaikata. Waya haufiki huko kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo nimeagiza kapi la kufunga kwenye shina, waya upite humo na kukunja kona.