Ununue sheria zipi kwa kampeni ya gemu la mezani: mpangilio wangu kutoka Kirumba

Kama unataka kuanzisha kampeni, yani hadithi moja inayoendelea kikao baada ya kikao, ya gemu la kuigiza mezani, lile la msimuliaji, wachezaji wenye wahusika wao na dadu, usianze kuuliza mfumo gani wa sheria ni mkali duniani, angalia kwanza nani anakaa mezani kwako. Sisi huku Kirumba, Mwanza, tuko watano na mmoja wetu ni mvuvi wa dagaa, kwahiyo kipindi cha giza yuko zake visiwani na karabai, mbalamwezi ikitoka ndo anarudi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati taa tena. Basi sisi tunachezaga kipindi cha mbalamwezi tu. Mfumo unaotaka mtu akumbuke kitabu cha kurasa 300 baada ya wiki mbili za kukesha majini, hata uwe mtamu vipi, kwetu haudumu.

Kingine ni dadu. Za ludo zenye pande sita zipo kila mahali, ila ile ya pande 20 mimi sijakutana nayo dukani hapa mjini. Tulichofanya tulichukua vifuniko 20 vya soda, tukaviandika namba kwa maka peni, tukavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa bila kuangalia, halafu UNARUDISHA, usiporudisha hesabu imeharibika. Ukitaka dadu ya pande 8 au 10 unabakiza vifuniko vya kwanza 8 au 10 basi.

Na lugha jamani. Vitabu vyote hivi viko kwa Kiingereza, na mtu anayesoma kwa kubahatisha ataona aibu kuuliza, mwisho wa siku haji. Kwahiyo mimi naangaliaga leseni: mfumo ukiwa chini ya Creative Commons, zile leseni ambazo mwandishi anaruhusu watu watumie kazi yake, na iwe inayoruhusu kutafsiri, unatafsiri, unaprinti stesheneri, unagawa, unachotakiwa ni kumtaja mwenyewe na kufuata masharti yake.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja, Dungeon World ya 2012. Maandishi yake yako chini ya Creative Commons, na karibu kila kitu kinaamuliwa kwa dadu mbili za ludo. Unarusha, unajumlisha, unaongeza alama ya mhusika wako: 10 kwenda juu umeweza, 7 mpaka 9 umeweza ila kuna gharama, 6 kushuka chini mambo yamekuharibikia na unapata alama moja ya uzoefu. Hapo kwenye 7 mpaka 9 ndo utamu wote ulipo. Kwenye michanganyo 36 ya dadu mbili, mtu mwenye +1 anapata ushindi kamili mara 10, anafeli mara 10, na mara 16 zilizobaki anashinda kwa gharama. Yule mvuvi wetu mhusika wake alikuwa anaruka kutoka mtumbwi mmoja kwenda mwingine usiku, akarusha 4 na 3, na +1 yake ikawa 8. Nikamwambia umefika, ila karabai imeponyoka inazama, na walioko kwenye ule mtumbwi wameshasikia kishindo. Alinyamaza kidogo halafu akaanza kutuelezea mtumbwi unavyoyumba mtu akitua vibaya, akatuonyesha na mikono kabisa. Hakuna aliyefungua kitabu. Kwenye kuhesabu umemuumiza adui kiasi gani tu ndo zinahitajika dadu nyingine, mpiganaji anatumia ya pande 10, mchawi ya pande 4, na kopo letu linatosha. Mimi nimetafsiri hizo sheria kuu kwenye karatasi moja mbele na nyuma, na hiyo karatasi ndo imeshika kampeni yetu mpaka leo.

Namba mbili, Cairn. Ni ya bure, kijitabu chembamba, unakimaliza jioni moja. Mhusika ana sifa tatu tu, nafasi 10 za kubebea mizigo, na kwenye mapigano hurushi kuangalia kama umempata adui, unarusha moja kwa moja kujua umemuumiza kiasi gani. Watu wanakufa haraka humu, kwahiyo waambie mapema. Ni nzuri sana kwa safari za kuchunguza mapango na mawe, na sisi mawe tunayo ya kutosha.

Namba tatu, Ironsworn ya 2018, PDF yake ni bure. Hii nampa mtu ambaye hajapata wenzake, kwasababu unaweza kucheza peke yako au wawili bila msimuliaji. Dadu moja ya pande sita unaongeza sifa yako, unalinganisha na mbili za pande 10: ukizishinda zote umefanikiwa, ukishinda moja umefanikiwa nusu. Niliicheza kwenye meli ya Ukerewe na daftari kwenye mapaja, mpaka tunafika Nansio sikuwa nimeona muda unavyoenda.

Namba nne, Dungeons & Dragons toleo la tano. Ndo maarufu, na kampeni zilizoandikwa tayari ziko kibao. Ila vitabu vikuu ni vitatu, Marekani bei ya kila kimoja ni kama dola 50, hapo hujasafirisha. Usivinunue kwanza. Tangu Januari 2023 sheria zake za msingi ziko chini ya Creative Commons, pakua hizo uzijaribu. Sisi kampeni yetu ya kwanza ilikuwa hii na ilikufa siku ya tatu, mganga wetu alikuwa na orodha ya uchawi ambayo hakuna aliyeielewa zaidi yangu, kila zamu yake tunasubiri nisome, simu nayo chaji inaisha. Kama meza yako mnasoma Kiingereza vizuri na mnakutana kila wiki, ipandishe iwe namba mbili.

Ya mwisho Pathfinder toleo la pili, 2019. Sheria zote ziko bure mtandaoni kwenye Archives of Nethys, hakuna cha kununua zaidi ya bando, na mapigano yake yamepangwa vizuri, kila zamu una vitendo vitatu. Ila ni nzito, hali za kukumbuka ni nyingi, mvuvi wangu siwezi kumpa hii.

Ukianza Jumamosi hii, nunua dadu mbili za ludo, printi karatasi moja ya Kiswahili kwa kila mchezaji, na uipigishe laminesheni, maana yetu ya kwanza ililowa chai.