Uzoefu wangu: msimu wa kwanza wa Mbeya City Ligi Kuu, kutoka majukwaa ya mzunguko, Uwanja wa Sokoine

Mbeya City imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26, na vijana wanaoleta nguo kwangu wananiuliza swali lilelile: dada, huo msimu wa kwanza mnaousema kila siku ulikuwaje? Wengi wao mwaka 2013 walikuwa bado wanavaa kaptula za shule. Nimewasimulia vipande vipande huku nakanyaga cherehani. Leo nayaandika yote pamoja, kama mteja aliyelipa kiingilio kwa hela yake mwenyewe mechi zote 13 za nyumbani, akafunga na safari moja ya Dar. Niliyopewa nitayasema, na niliyopunjwa nitayasema.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibaraza Mwanjelwa. Kwetu ni Tukuyu, na mzee wa Tukuyu wa umri wa baba yangu huwezi kumweleza habari za timu iliyopanda daraja akakuacha umalize. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda, na msimu huohuo wakabeba ubingwa wa nchi. Nimelisikia hilo tangu nabebwa mgongoni. Kwa hiyo timu ya Halmashauri ya Jiji, iliyoanzishwa mwaka 2011, ilipofika Ligi Kuu ndani ya miaka miwili, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa huyo baba yangu. Akaniambia, "Nenda uwanjani, mwanangu. Usisubiri kuhadithiwa."

Nikaenda. Tarehe 24 Agosti 2013, Mbeya City na Kagera Sugar, sare ya bila kufungana. Nilitoka bila goli la kushangilia, lakini nilitoka na kitu ambacho ilinichukua wiki kadhaa kukielewa. Kabla ya hapo Sokoine nilipajua kama uwanja wa kwenda kuwaona wageni. Yanga wakija, au Simba wakija, mji unagawanyika, huku njano na kijani, kule nyekundu, na Prisons, ambao ni wa kwetu hapahapa, wanacheza nyumbani kama wapangaji. Siku ile ya Kagera Sugar hapakuwa na Simba wala Yanga, na watu walikuja. Walikuja kwa ajili ya timu ya nyumbani.

Mechi iliyonifungua macho ni ya Yanga, tarehe 14 Septemba, iliyoisha 1-1. Jirani yangu wa pale kibarazani anauza vitenge, Yanga wa damu tangu nimfahamu. Alikaa pembeni yangu, na kabla ya mpira kuanza aliniambia amekuja kuangalia tu. City walipopata goli alinishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza kidole. Hakusema neno. Wiki iliyofuata alikuja na mita mbili za kitambaa cha zambarau, akasimama mbele yangu nimpime.

Hapo niingie kwenye jezi, maana mimi timu hii niliijua kwa mikono kabla sijaijua kwa macho. Jezi zenyewe zilikuwa adimu, kwa hiyo watu walileta chochote chenye rangi ile. Nimekata jezi kutoka kwenye joho la kwaya lililochakaa. Nimekata kutoka kwenye pazia, na kutoka kwenye gauni la msimamizi wa harusi, mwenyewe akiwa amesimama pale anahesabu kama litatosha yeye na mtoto. Zambarau ina tabia moja ngumu: majora mawili hayalingani. Hili linaelekea kwenye bluu, lile linaelekea kwenye wekundu wa biringanya, na taa ya ndani haikuonyeshi, mpaka utoke juani. Baada ya kuharibu shati la mteja mmoja nikajifunza kukata mikono yote miwili kutoka jora jingine, kwa makusudi, ikaonekana ndio mtindo. Kufika Oktoba nilikuwa nikikaa mzunguko naziona jezi zangu zilizopishana rangi mabegani, safu hadi safu, na watu wanaimba "Koma kumwanya!" Kwa Kinyakyusa ni kama kusema piga juu. Waliokuwa wanaimba walikuwa Wasafwa, Wanyiha, Wandali, Wakinga wa madukani, na Mhindi mmoja mzee wa Uhindini ambaye sikuwahi kumwona akikosa mechi.

Safari ya Dar ilikuwa ya mechi ya Simba, Jumamosi ya tarehe 21 Septemba. Tulichangishana tukakodi Coaster, tukaondoka Ijumaa alfajiri na ubaridi wetu, masweta na mablanketi. Chai Makambako. Iringa hatukukaa. Tulipofika Kitonga dereva alituomba tunyamaze asikie injini, na watu wote waliokuwa wakiimba tangu Uyole wakanyamaza kweli, kona baada ya kona, hadi tukatua bondeni. Pale Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, joto likatupokea, masweta yakavuliwa, na nyimbo zikaanza upya. Uwanja wa Taifa tulikuwa kijifungu cha zambarau pembeni ya bahari nyekundu. Tukatoa sare ya 2-2. Wakati wa kutoka, kijana mmoja wa Simba aliniuliza kwa heshima kabisa, "Samahani dada, hii timu yenu ni ya tajiri gani?" Nikamjibu ni ya jiji. Akauliza tena, kana kwamba sikumwelewa. Nikamwambia ni ya jiji, kaka, ni yetu. Nilisikia raha kulisema lile neno ambayo sijawahi kuisikia tena katika mpira.

Mechi ya Azam kule Chamazi, tarehe 7 Novemba, niliisikiliza redioni. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi, na kulikuwa na mteja anasubiri suruali ya kwenda nayo msibani. Mwegane Yeya alipofunga la kwanza nilipunguza mwendo. Alipofunga la pili yule mteja akaniambia mwenyewe, "Mama, acha kwanza, tusikilize." Yeya akafunga matatu. Mechi ikaisha 3-3, na duru ya kwanza ikafungwa hapo: mechi 13, City haijapoteza hata moja, pointi 27 sawa na Azam, Yanga juu kwa pointi moja tu. Suruali niliimaliza usiku, na yule baba alilipa zaidi ya tuliyopatana.

Lazima niseme kuhusu benchi. Kocha Juma Mwambusi hakuwa na majina ya kutisha. Alikuwa na kina Deus Kaseke, Paul Nonga, Steven Mazanda, Hassan Mwasapili na huyo Yeya, na aliwafanya wacheze na Simba au Yanga kama wanavyocheza na yeyote. Wageni walilalamikia hewa yetu ya mlimani, kwamba inakata pumzi. Sawa, sisi hapa tupo kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Lakini Taifa na Chamazi hakuna mlima, na hawa vijana walikwenda huko wakatoka na pointi. Baadaye Kaseke na Nonga walivaa jezi ya Yanga, na Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga kuwa msaidizi wa kocha. Liliniuma, na linaniuma hadi leo, kwamba ukipika vizuri wenye sahani kubwa ndio wanaokuja kupakua.

Sasa niliyopunjwa. Tiketi. Mechi moja kubwa nilinunua tiketi mkononi kwa mtu aliyekuwa amesimama mbali na geti, shilingi 5,000, na getini nikaambiwa haifai. Nikalipa tena. Nilipogeuka kumtafuta, hayupo. Nyuma yangu kulikuwa na mama na vijana wake wawili wenye tiketi kama yangu, na yeye hakuwa na hela nyingine. Walirudi nyumbani. Hela ile ingekuwa chakula cha wachezaji njiani, ikaishia mfukoni kwa mtu ambaye timu haimjui. Tafadhali, mnaoanza kwenda uwanjani sasa, msinunue tiketi vichochoroni hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

La pili ni zito zaidi. Msimu ule basi la timu ngeni lilipigwa mawe hapa kwetu. Nilipita nikaviona vioo vimetapakaa lami, na pembeni mtoto wa miaka kama kumi, amevaa shati nililolishona mimi kwa mikono yangu, anaokota vipande anachezea. Nilimnyang'anya, nikamrudisha kwao. Waliofanya vile walikuwa wachache, na walikuwa wa kwetu. Sitaki kusimulia uzuri wa msimu ule nikaliruka hili.

Duru ya pili ndiyo iliyotutia doa. Tarehe 2 Februari 2014 Yanga walitufunga 1-0 Dar, kipigo chetu cha kwanza cha ligi, na ubingwa ukaanza kuteleza taratibu. Wakati huo Azam TV ilikuwa imeanza kurusha ligi yetu, na pale mtaani watu walianza kukaa mbele ya luninga. Mimi niliendelea na mzunguko. Kwenye luninga unaona mpira vizuri zaidi, hilo nakubali, lakini hauoni mama wa karanga akiweka beseni chini ili apige makofi.

Tarehe 13 Aprili, Jumapili, Azam walikuja Sokoine wakihitaji ushindi watawazwe mabingwa. Nilimwita mzee. Alishuka Coaster ya asubuhi kutoka Tukuyu na mwavuli wake, nikampa shati nililomshonea, zambarau, mgongoni nimeandika 1986. Alilitazama muda mrefu kabla ya kulivaa. Getini akasimama, akaangalia jina la uwanja, akaniambia jana imetimia miaka 30 tangu Edward Moringe Sokoine afariki. Siku ile ya mwaka 1984, alisema, alikuwa shambani akichuma chai, na habari zilipofika kila mtu aliweka kikapu chini. Watu nyuma yetu walikuwa wanasukuma, lakini hakusogea mpaka alipomaliza kunieleza.

Gaudence Mwaikimba akatufunga. Yeya akasawazisha, na kwa dakika kadhaa nilisahau hesabu zote za pointi. Halafu John Bocco akafunga la pili. Azam wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao, na walimaliza msimu bila kufungwa hata mechi moja. Wakaanza kushangilia mbele yetu, kwenye nyasi zetu. Watu wengi walianza kutoka. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mzee alisimama, akabana mwavuli kwapani, akapiga makofi. Nikamvuta shati akae. Akaniambia, "Wapigie. Sisi nasi tulipigiwa." Nikasimama.

Tulimaliza wa tatu, pointi 49, nyuma ya Azam na Yanga, na mbele ya Simba kwa pointi 11. Kwa timu iliyokuwa inaiona Ligi Kuu kwa mara ya kwanza.

Kama ni nyota, msimu ule naupa nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya yule mama na vijana wake getini, na kwa sababu ya vioo vile barabarani. Zingine zote nazitoa kwa moyo mweupe, na ningelipa kiingilio kilekile mara mbili, kama nilivyolipa.

Timu ilishuka daraja msimu wa 2022/23, na tulilia. Sasa imerudi. Anayetaka kwenda: panda daladala mapema, mechi za saa 10 foleni huanza saa 8. Mzunguko hauna paa, kwa hiyo jua la mchana lisikudanganye, beba sweta, na kuanzia Novemba beba na mwavuli. Kaa upande unaoutazama Mlima Loleza, wingu likianza kushuka pale utakuwa na dakika chache za kujiandaa. Mahindi ya kuchoma ya nje ya geti ni mazuri kuliko ya ndani. Na kama wewe ni Simba au Yanga wa damu, njoo hivyohivyo, kaa na sisi.

Shati la mzee limeletwa kwangu wiki iliyopita, limechanika kwapani, upande ule anaobania mwavuli. Nimepekua maduka yote ya Mwanjelwa, zambarau ya jora lile haipo tena, kwa hiyo nimetia kiraka cha ile nyingine yenye wekundu. Nilimwonyesha juani ili asije akalalamika baadaye. Akasema haoni tofauti yoyote, nimpe avae, mechi ya nyumbani inayofuata anakuja na Coaster ya asubuhi.