DSpace 7 ndani ya Tomcat: uzoefu wangu

Chuo kikitaka tasnifu zake zisomeke mtandaoni badala ya kulala kabatini maktaba, DSpace ndiyo programu ya kwanza mtakayotajiwa. Ni ya bure, ilizaliwa 2002 kwa ushirikiano wa chuo cha MIT na kampuni ya HP, na vyuo kama Sokoine na Nairobi vinaitumia. Mimi nasimamia toleo la 7 kwenye seva ya Linux, Ubuntu 22.04, na naipa nyota nne kati ya tano. Anayekwambia kuisakinisha ni kazi ya jioni moja, muulize kama ameshawahi.

Toleo hili, lililotoka 2021, limegawanywa mara mbili. Nyuma kuna programu ya Java inayokaa ndani ya Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java), ikitegemea PostgreSQL, yaani hifadhidata, na Solr, yaani injini ya utafutaji. Mbele kuna kurasa anazoziona msomaji, zilizoundwa kwa Angular na kuendeshwa na Node.js, zana mbili za JavaScript. Aliyezoea toleo la 6, ambapo karibu kila kitu kilikaa ndani ya Tomcat, atalalamika kidogo. Kujenga hiyo sehemu ya mbele kunakula RAM kweli kweli, kwa hiyo seva ya bei chee msihangaike nayo.

Tomcat iwe ya 9. Kuanzia Tomcat 10, majina ya maktaba za Java yanayoanza na javax yalibadilishwa kuwa jakarta, na DSpace 7 bado ni ya javax, kwa hiyo haiwaki. Ndiyo maana sijahamia Ubuntu 24.04, ambako apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, inakupa Tomcat 10. Anayeanza leo aanze moja kwa moja na DSpace 8 au toleo jipya zaidi: kuanzia la 8 imeshahamia jakarta na inataka angalau Java 17.

Sasa kuna jambo moja linalowatoa watu jasho. Umeipa akaunti inayoendesha Tomcat umiliki wa folda yote ya /dspace, DSpace inapohifadhi faili zake, ukurasa unafunguka vizuri, lakini ukipandisha PDF ya kwanza inakataa. Unaenda kwenye logi, unaambiwa folda ni ya kusoma tu. Unarudia chown, amri ya kubadilisha mmiliki wa faili, wapi! Tatizo si ruhusa za faili. Tomcat ya Ubuntu inafungiwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux), hairuhusiwi kuandika nje ya folda zake yenyewe. Dawa ni kuendesha systemctl edit tomcat9, kisha chini ya [Service] unaongeza mstari huu:

ReadWritePaths=/dspace

Halafu systemctl daemon-reload, unawasha Tomcat upya, kwisha kazi. Maelezo rasmi ya DSpace yanalitaja hilo, ila limejificha katikati ya mengine na ni rahisi kulipita.

Mipangilio mingine yote iweke kwenye local.cfg, faili lako mwenyewe la mipangilio, usiguse dspace.cfg inayokuja na programu. Unaposasisha toleo utanishukuru. Humo angalieni sana dspace.server.url na dspace.ui.url, anwani za sehemu ya nyuma na ya mbele: ziandikwe vilevile mtumiaji anavyoziona kwenye kivinjari, https ikiwemo kama mbele kuna nginx (seva inayopokea wageni kwanza) yenye cheti cha usalama. Ikiandikwa http mahali pa https, kivinjari kinakataa kuwasiliana na seva, na watu wanabaki kulaumu Tomcat isiyo na hatia.

Kisha kuna handle.prefix, namba inayotangulia kwenye anwani ya kudumu (handle) ya kila tasnifu. Inakuja na 123456789, namba ya mfano tu. Tembeleeni hazina za vyuo mbalimbali muone ni ngapi zimeachwa nayo! Anwani ya kudumu yenye namba hiyo si ya kudumu hata kidogo, maana haijasajiliwa kwa jina la chuo chochote. Sajilini namba yenu, ada yake ni ya kila mwaka, na muiweke kabla tasnifu ya kwanza haijaingia. Amri ya kuibadilisha baadaye ipo, lakini haiwezi kurekebisha anwani ambayo mhadhiri ameshaichapisha kwenye makala yake.

Kinachonifurahisha zaidi ni utafutaji. Amri ya filter-media ikiwekwa kwenye cron, ratiba ya kazi za seva, iende kila usiku, maandishi yaliyo ndani ya PDF yanachotwa na kuingia Solr, na mwanafunzi anayetafuta "mihogo" anaikuta hata kwenye sura ya nne. Tasnifu za zamani zilizopigwa skana ni picha tupu, hazichoteki. Hizo tunazipitisha kwanza kwenye ocrmypdf, programu inayosoma maandishi kwenye picha, ndipo zinapandishwa.