Nakala tatu, chuma kimoja: uzoefu wangu na klasta ya kukodi

Kabla hujamlipa mtu akukodishie klasta ya utafutaji, yaani kundi la seva zinazofanya kazi ya kutafuta kama kitu kimoja, muulize hizi seva zimekaa juu ya vyuma vingapi. Usiulize seva ngapi. Uliza vyuma, yaani kompyuta zenyewe zinazoshikika kwa mkono. Mimi niliambiwa seva ni tatu, ankara ikawa inakuja imeandikwa tatu, na nikawa nalipia tatu. Kampuni siitaji. Ni ya hapa hapa Kenya na ofisi wanayo Mombasa.

Kazi yetu ni spea za magari. Wenye maduka wanaoteremsha makontena bandarini huingiza mali yao kwetu, na fundi aliyelala chini ya gari kule Changamwe huandika kwa simu "rejeta ya Probox" akaona nani anayo na kwa bei gani. Utafutaji ukizima hatuna kitu kingine cha kumwonyesha mteja. Ndiyo maana nilitaka faharasa yetu, yaani ile orodha ya mali iliyopangwa ili itafutike haraka, iwe na nakala kwenye mashine zaidi ya moja, na ndiyo maana nilikubali bei yao, ambayo si ya mchezo.

Nitende haki kwanza. Programu yenyewe, Elasticsearch, sina neno nayo. Inaikata faharasa vipande, kila kipande kikuu kinapewa nakala zake, na haikubali kabisa kuweka kipande pamoja na nakala yake kwenye nodi moja, yaani seva moja ya klasta. Kuna siku kampuni ilishusha nodi moja kwa matengenezo, mchana, wateja wamejaa. Nilikaa mbele ya skrini roho mkononi. Rangi ya klasta ikatoka kijani, yaani kila kitu sawa, ikawa manjano, maana yake vipande vikuu vyote viko hai ila nakala kadhaa hazina pa kukaa. Pale palipopotea kipande kikuu, nakala yake iliyokuwa kwenye nodi iliyo hai ikapandishwa cheo ikawa ndiyo kipande kikuu. Nodi huchagua mmoja wao awe kiongozi wa klasta kwa kura, na mbili kati ya tatu bado ni wingi wa kura, kwa hiyo kiongozi alikuwepo bila ubishi. Na programu haina papara: kwa kawaida hungoja dakika 1 kabla ya kuanza kujenga nakala mpya, kwani nodi iliyoondoka huenda inarudi. Ikarudi kweli, ikajaziwa yaliyoipita, kijani tena. Hakuna fundi hata mmoja aliyepiga simu. Wallahi nilifurahi, nikawasifu kampuni kwa kila mtu, nikawapelekea mpaka wateja.

Halafu ikaja ile Ijumaa, karibu na mfungo. Nodi zote tatu zikapotea kwa mpigo. Ingekuwa moja imeanguka ikafuatwa na nyingine baadaye, ningeelewa. Hizi zilikatika pamoja, sekunde ile ile.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea hata salamu yangu hakuijibu. Nikamwuliza, nodi tatu zinazimaje pamoja?

"Dada, hapa kwetu ni kijani."

Nikamwambia ukurasa anaouangalia umeganda, ajaribu kutafuta kitu chochote aone.

"Dada, haya mambo ya klasta huyawezi. Tuachie sisi, wewe subiri."

Akakata. Huyawezi! Mipangilio ya faharasa ile niliiandika mimi, kila uga na kila kisawe, ndiyo maana fundi akiandika rejeta anapata na zile ambazo mwenye duka ameziandika radieta. Kama angenisikiliza dakika mbili angejua tatizo haliko kwangu, na angejua pia kwamba anayezungumza naye analielewa.

Jawabu nililipata jioni kwa mwenzake, mtu mzima mwenye adabu, na namshukuru kwa kusema kweli. Zile seva tatu zilikuwa mashine pepe tatu, yaani kompyuta za kuigizwa na programu, juu ya chuma kimoja, na diski za chuma hicho zimekufa. Basi. Ni sawa na kutoa nakala tatu za hati ya shamba ukazifungia zote kwenye sanduku moja.

Elasticsearch peke yake haiwezi kuligundua hilo. Kwake nodi ni nodi, kilicho chini yake hakioni. Ipo njia ya kuiambia: kila nodi inaandikiwa sifa ya mahali ilipo, chuma gani au rafu gani, kisha klasta inaagizwa igawe nakala kwa kufuata sifa hiyo. Ni mistari michache tu ya mipangilio. Lakini anayejua nodi ipi iko juu ya chuma kipi ni mwenye vyuma. Mteja hafunguliwi mlango akahesabu. Walijua, na ankara ya tatu waliendelea kuituma.

Data yetu ya asili iko salama kwenye hifadhidata, kwa hiyo faharasa tuliijenga upya usiku kucha. Jumamosi asubuhi bado ilikuwa nusu. Mzee mmoja mwenye duka Mwembe Tayari akaniambia kwa upole, "Mwanangu, leo wateja wote wamekwenda kwa jirani." Heri angenigombeza.

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kusema huduma ni ya wastani, kwa sababu ya ile siku ya matengenezo. Lakini nikiifikiria sasa, siku ile iliyofanya kazi ni programu. Wao walizima mashine pepe moja, basi. Hapana, msikodi kwao.

Wameahidi kuhamishia nodi mbili kwenye vyuma vingine "bila gharama ya ziada". Ya ziada vipi, na nimekuwa nikizilipia toka mwanzo? Nimewaandikia nikidai tofauti ya miezi yote irudi, kila nodi iandikwe sifa ya chuma chake niione kwa macho yangu, na yule kijana aniombe radhi yeye mwenyewe. Meneja amejibu la pesa na la vyuma. La kijana amelipita.