Pikapu ya umeme kwa safari za kambi kutoka Dodoma: ipi ununue, ipi uache

Muuzaji wa gari la umeme atakutajia kwanza kilomita ambazo gari linakwenda kwa chaji moja. Mpokee namba yake, halafu uiweke pembeni kidogo. Mtu anayepakia hema, maji na watoto akielekea Kolo, au mapori ya akiba ya Swagaswaga na Rungwa, ana hesabu nyingine ya kuanza nayo: soketi ya mwisho yenye umeme wa uhakika iko wapi, na kutoka hapo anaingia porini kilomita ngapi na kurudi ngapi. Pikapu zilizo hapa chini nimezipanga kwa kipimo hicho. Ukipima kwa ukubwa wa betri peke yake utapata orodha tofauti kabisa, na nina hakika itakupotosha.

Tuanze na njia zenyewe. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251 za lami safi. Kondoa iko katikati, na Kolo, yalipo michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, iko mbele yake kidogo. Kwenda na kurudi Kolo tu umeshapita kilomita 350 kabla hujashuka kwenye vumbi kuifuata michoro. Upande wa kusini unashuka hadi bwawa la Mtera, unaupanda mlima Nyang'oro kwenda Iringa, na kutoka Iringa hadi ndani ya Hifadhi ya Ruaha zipo kilomita nyingine zaidi ya 100. Upande wa magharibi, ukishaiacha Manyoni na Itigi kuelekea Rungwa, vituo vinakuwa mbali kwa mbali na pori ni pana.

Ardhi yetu nayo ina tabia zake. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, adui ni mchanga wa makorongo. Masika, adui ni mbuga, ule udongo mweusi unaonata, na gari zito huzama haraka kuliko jepesi. Pikapu za umeme ni nzito kwa sababu ya betri. Ukishaingia mchangani punguza upepo wa tairi hadi karibu na PSI 20, ubebe na pampu ya kurudishia. Na miiba ya migunga haichagui aina ya gari: kabla ya kununua chochote, inama chini utazame kama kuna tairi la akiba la saizi kamili. Magari kadhaa ya umeme huuzwa na dawa ya kuziba na kipampu kidogo tu.

Hesabu ya soketi

Hapa ndipo wanunuzi wengi hawaulizi maswali ya kutosha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukubwa wa betri hutajwa kwa kilowati-saa, na kila moja ni uniti moja ileile unayonunua ya LUKU. Betri ya uniti 67 ikiwa tupu inahitaji uniti 67 na ziada kidogo inayopotea njiani. Chaja ya kubeba inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani mara nyingi huvuta ampea 10. Kwa umeme wetu wa volti 230 hiyo ni kilowati 2.3. Usiku mmoja wa kuchaji kwa muda wa saa kumi unakupa kama uniti 20 zilizoingia kwenye betri. Pikapu iliyopakiwa inakula uniti 25 hadi 30 kwa kilomita 100, kwa hiyo usiku mzima wa kuchaji kwenye gesti ya Kondoa ni kilomita 70 au 80. Hiyo ndiyo namba ya kuibeba kichwani.

Soketi zenyewe hazilingani. Chaja ya gari hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme kupita, na nyumba ambayo waya wa ethi haukufika ardhini italetewa taa nyekundu, basi. Jenereta ndogo nyingi hukataliwa kwa sababu hiyohiyo. Mwisho wa laini volti hushuka jioni watu wakiwasha majiko na pasi, na chaja hupunguza kasi au hujizima. Kwa hiyo nunua chaja inayokuruhusu kushusha ampea hadi 8 au 6, ubebe na kifaa kidogo cha kupimia soketi. Baada ya nusu saa shika plagi kwa mkono. Ikiwa ya moto, shusha ampea. Ekstensheni nyembamba za kuchajia simu usizitumie kabisa, zinaweza kuunguza nyumba ya watu.

Halafu kuna haki ya mwenye nyumba. Wateja wa matumizi madogo wa TANESCO, kundi la D1, wana uniti 75 za bei nafuu kwa mwezi, na wakizivuka bei inapanda zaidi ya mara mbili. Ukichomeka pikapu kwa mama mwenye gesti ndogo kijijini, usiku wako mmoja unaweza kumtoa kwenye nafuu yake ya mwezi mzima. Mnunulie LUKU mwenyewe kabla hujachomeka. Kwa bei ya kawaida shilingi elfu kumi hutoa kama uniti 28, zinazotosha usiku huo na kubaki. Muongezee na ya shukrani.

Sola? Jua letu ni zuri mno, lakini paneli ya wati 200 juu ya gari itakupa kama uniti moja kwa siku nzima ya kiangazi. Uniti moja inalisha friji ya gari na taa za kambi kwa raha. Kwa kulisukuma gari ni kilomita tatu au nne.

Ya kwanza: haibridi ya kuchaji

Bodaboda zimefika vijiji vyote, na petroli imefika nazo. Penye kijiji pana mtu mwenye chupa za maji zilizojaa petroli kwenye kimeza mbele ya duka. Dizeli huipati kirahisi hivyo. Ndiyo maana pikapu yenye betri ya kuchaji na injini ya petroli inashika nafasi ya kwanza kwangu: mjini unatembea kwa LUKU, porini petroli ikuokoe, na kambini betri ipike. Petroli ya chupa ichuje kwa kitambaa safi, na uitumie kwa dharura tu.

BYD Shark 6, ya kampuni ya China, ndiyo inayozungumzwa zaidi. Ina betri ya uniti 29.6, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,500 yenye turbo, tangi la lita 60, na inabeba kilo 790. Usukani wa kulia upo, kwani inauzwa Australia na Afrika Kusini. Ilipoingia Australia mwisho wa 2024 ilianzia dola 57,900 za huko kabla ya gharama za usajili, nawe ongeza usafiri na kodi za TRA. Uzuri wake mkubwa ni soketi za kwenye bodi, zinazotoa hadi kilowati 6.6. Jiko la umeme, birika na friji vyote vinafanya kazi pamoja. Birika la kilowati 2 likichemka kwa dakika kumi linakula theluthi ya uniti, na familia ikipika ugali na mboga, ikachaji simu na kuwasha taa, haifiki uniti tano kwa siku. Hukati hata kijiti. Kwa mkoa ambao mkaa umeshaumaliza miti kiasi hiki, jambo hilo lina uzito kwangu kuliko kasi ya gari.

Udhaifu wake ujue pia. Shark haina seti ya gia nzito (za kujikokota polepole kwa nguvu) wala difu ya nyuma ya kufunga (inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja), na ekseli ya nyuma inasukumwa na mota ya umeme peke yake. Betri ikiisha katikati ya mchanga, nguvu inapungua wakati unaoihitaji zaidi. Dawa ni kuiwekea akiba ya betri mapema ukiwa bado kwenye lami, ufike korongoni ukiwa na zaidi ya nusu.

Kama safari zako ni za makorongo hasa, ningekushauri Ford Ranger ya kuchaji. Betri yake ni ndogo, uniti 11.8, kwa hiyo kwa umeme mtupu haifiki hata kilomita 50. Lakini ina gia nzito, difu ya nyuma inafungwa, inavuta tani 3.5, na zipo zenye soketi za hadi kilowati 6.9. GWM Cannon Alpha ya kuchaji inakaa katikati ya hizo mbili: betri ya uniti 37 na gia nzito pamoja. Kati ya hizi tatu, chagua ile ambayo mwakilishi wake aliye Tanzania yuko tayari kuandika kwenye karatasi kwamba ana vipuri na fundi mwenye kompyuta ya gari hilo. Asiyeandika, usimpe hela.

Ya pili: Hilux ya dizeli na sanduku la betri

Wapo watakaoshangaa kuikuta hapa. Nimeiweka kwa sababu wengi wanaotaka pikapu ya umeme kwa kambi wanachotaka hasa ni umeme wa kambini: friji, taa, jiko dogo, na ukimya usiku. Hilux ya injini ya 2.8 ina tangi la lita 80, na kwa mwendo wa kistaarabu unapata kilomita 800 au karibu na hapo. Mafundi wake wapo Manyoni, wapo Kondoa, wapo Mpwapwa. Ongeza sanduku la betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma lenye uniti moja au mbili, paneli ya wati 200, na waya wa kulichaji gari likitembea. Jenereta inabaki nyumbani, na kambi nzima inalala ikisikia wadudu na fisi wa mbali.

Kwa anayekwenda Rungwa peke yake bila gari la pili, hii naipandisha iwe ya kwanza.

Ya tatu: pikapu za umeme mtupu za kampuni tunazozijua

Isuzu D-Max ya umeme ina betri ya uniti 66.9 na kipimo cha kiwandani cha kilomita 263. Inavuta kwa magurudumu yote manne, inabeba tani moja na kuvuta tani 3.5. Hilux ya umeme iliyotangazwa Novemba 2025 ina uniti 59.2 na kilomita kama 240, inapita kwenye maji ya kina cha sentimita 70 sawa na ya dizeli, ila inavuta kilo 1,600 tu. Kati ya hizo nachukua Isuzu.

Vipimo vya kiwandani hufanywa gari likiwa tupu. Weka hema la juu ya paa, lita mia za maji, kiyoyozi na vumbi, nami nakushauri uhesabu kilomita 180 hadi 200 kwa D-Max. Kwa hesabu hiyo bwawa la Hombolo ni kwenda na kurudi bila wasiwasi. Kolo inawezekana ukilala Kondoa unakwenda, ukalala tena unarudi, na ikibidi ukae siku nzima ukichaji. Nyang'oro itakula betri ukipanda, na ukishuka kurudi Mtera mota zinafunga breki huku zikirudisha sehemu ya umeme. Ukiona asilimia inapanda ukiwa mlimani, usishangae. Ruaha kwa gari hizi usiende mpaka uwe umeshaongea na mwenye kambi ukajua jenereta au sola yake inaweza kukupa nini usiku.

Ya nne: Rivian R1T na wenzake wa Marekani

Ni pikapu nzuri kweli. Rivian yenye betri kubwa ina uniti 135, inapimwa kilomita 505 kwa vipimo vya Marekani, na inajiinua hadi sentimita 37 kutoka ardhini. Ila usukani uko kushoto, uzito unazidi tani 3, mdomo wa kuchajia ni wa Kimarekani, na kampuni haina karakana nchini. Kwa soketi ya ampea 10 betri yote hujaa kwa zaidi ya siku mbili na nusu. Likizima kwa hitilafu ya programu ukiwa Itigi, unatafuta lori la kulibeba.

Ya kuacha kwa kazi hii: Maxus na LDV eT60

Betri ya uniti 88.5 inavutia kwenye tangazo, lakini magurudumu ya nyuma pekee ndiyo yanayovuta. Kwa kupeleka mizigo soko la Majengo inafaa. Mchangani, hapana.

Ukishapata unayoitaka, usilipe siku hiyohiyo. Iombe kwa usiku mmoja na siku moja. Ichomeke nyumbani kwako usiku, uandike uniti zilizobaki kwenye mita kabla na baada, ulinganishe na zilizoingia kwenye betri. Kesho yake pakia mzigo wako wa kambi wote, maji yakiwemo, uende barabara ya Mtera hadi betri ifike nusu, ugeuze. Kama ni gari lililotumika, fundi asome afya ya betri kwa kompyuta mbele yako. Muuzaji akikataa haya, nenda kwa mwingine.