Uzoefu wangu: redio ya setilaiti kwenye Electra Glide, na antena iliyonifanya nifungue ganda mara mbili

Mwaka juzi nilivuka jimbo la Nebraska, Marekani, kwa pikipiki kupitia barabara kuu ya I-80. Ndani ya jimbo hilo peke yake barabara hiyo ina kilomita zipatazo 730, na mimi nilikuwa na FM tupu. Stesheni unaipata karibu na mji, unaifaidi nusu saa, kisha inaanza kukwaruza, mara inaingiliwa na mhubiri wa stesheni nyingine, mara imepotea kabisa. Kidole gumba kinaanza kutafuta upya. Nilipoingia Wyoming nilikuwa nimeshaamua kwamba kabla ya safari nyingine ndefu lazima nifunge redio ya setilaiti. Sasa nimeitumia misimu miwili, jua na mvua, tambarare na milima, na nina ya kusema.

Pikipiki yangu ni Harley-Davidson Electra Glide ya mwaka 2009, injini ya Twin Cam, V ya silinda mbili, cc 1,584, yenye lile ganda kubwa la mbele ambalo waendeshaji hulifananisha na mbawa za popo. Kumbuka jambo moja kuhusu ganda hilo, maana ndilo lililonipa kazi: limeshikiliwa na foko, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, kwa hiyo linageuka pamoja na usukani. Redio, saa za dashibodi na spika za mbele vyote vimo humo na vyote vinageuka.

Kifaa chenyewe ni kipokezi cha SiriusXM, kampuni ya redio ya setilaiti ya huku Marekani, aina ya SXV300. Ni kiboksi kidogo, ukikifumba kiganjani hakionekani. Hakina kioo wala vitufe vyake, kinategemea redio iliyotengenezwa kukipokea. Redio ya kiwandani ya pikipiki yangu haikuwa ya kundi hilo, hivyo niliitoa nikaweka redio ya kawaida ya ukubwa wa DIN moja, yaani kipimo cha kawaida cha redio za gari, ile inayouzwa kwa ajili ya maboti kwa sababu inavumilia unyevunyevu, pamoja na fremu ya kuishikilia na plagi za kuunganisha na nyaya za awali bila kukata hata moja. Kama unafikiria kazi hii, plagi hizo usizikwepe ili uokoe hela. Waya wa kiwandani ukishaukata, kila tatizo la umeme litakalofuata utajiuliza kama ni wewe uliyelileta.

Wale wa rika langu mliokuwa Afrika Mashariki miaka ile mtaikumbuka WorldSpace, redio za setilaiti zilizosikika barani kupitia AfriStar, setilaiti iliyorushwa Oktoba 1998. Kampuni ile iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2008, na mwaka huohuo huku Marekani XM na Sirius, zilizoanza matangazo mwaka 2001 na 2002, ziliungana kuwa kampuni moja, ndiyo hii SiriusXM. Nalitaja hili kwa sababu jamaa yangu aliniuliza kama anaweza kununua kipokezi kama changu aende nacho nyumbani. Hapana. Hiki kinasikia setilaiti zinazoelekezwa Amerika Kaskazini tu, na ukikifikisha Arusha au Eldoret kitakuwa kiboksi cha plastiki.

Kufungua ganda si kugumu, ila kunataka utulivu. Kwanza nilitandika taulo nene juu ya madigadi ya mbele. Kisha nikalegeza skrubu tatu zinazoshika kioo cha upepo, za kichwa cha nyota, T27, halafu zile za upande wa ndani zinazomwangalia dereva. Usiikaze mikono ukidhani ganda limenasa. Likishalegea linakuja lenyewe mbele, na hapo ndipo taulo linapofanya kazi yake, kwa sababu taa kubwa bado imeunganishwa kwa plagi nyuma yake. Shika ganda kwa mkono mmoja, chomoa plagi ya taa kwa mwingine, liweke chini mahali ambapo mtoto hatalikanyaga.

Ndani utakuta msitu wa nyaya, lakini kipokezi hakiongezi mti mwingi. Hakihitaji waya wake wa moto wala wa ethi, kinapata umeme na kupeleka sauti kupitia kebo moja inayoingia nyuma ya redio. Hakuna fyuzi mpya, hakuna kutafuta waya unaopata moto funguo ikiwashwa. Nilikifunga kwa vibanio vya plastiki juu ya mabano ya redio, nikaweka kipande cha sponji chini yake. Twin Cam ikiwa inanguruma bila gia inatikisa kila kitu kilichofungwa juu yake, na sikutaka kiboksi kiwe kinagonga chuma siku nzima.

Mpaka hapo ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kilichobaki kilikuwa antena, na antena ndiyo kazi yenyewe.

Setilaiti za XM, ambazo ndizo kipokezi hiki kinazisikia, zimesimama juu ya Ikweta, kwenye nyuzi 85 na 115 za longitudo magharibi, kimo cha karibu kilomita 35,786. Mtu aliyeko Marekani anaziona upande wa kusini. Mawimbi yanayofika chini baada ya safari hiyo ni dhaifu mno, na yapo kwenye masafa ya takriban gigahezi 2.3, ambayo plastiki hayaijali lakini chuma, zege na miti yenye majani mabichi yanayazuia. Kwa hiyo antena inataka vitu viwili: ione anga, na ikae juu ya bamba la chuma. Ile sumaku iliyo chini yake haikuwekwa kwa ajili ya kushikilia tu, imewekwa kwa sababu watengenezaji wanategemea uibandike juu ya paa la gari, na paa hilo la bati ni sehemu ya antena. Kwenye pikipiki iliyojaa plastiki, paa hilo unalitengeneza mwenyewe.

Mimi nilifikiri kama mwenye gari. Nikasema sehemu ya juu kabisa ya pikipiki ni kifuniko cha boksi la nyuma, basi antena iende huko. Nikabandika bamba ndani ya kifuniko, nikaweka antena juu yake, nikapitisha kebo chini ya kiti, chini ya tangi, hadi shingoni mwa fremu, pale usukani unapogeukia, kisha ndani ya ganda. Kebo inayokuja na antena ina zaidi ya mita sita, ilitosha na kubaki. Ilipendeza. Nilikwenda nayo karibu kilomita 400 bila tatizo.

Tatizo lilianzia kwenye maegesho. Kila nilipokata kona ya kushoto mpaka mwisho, sauti ilikatika na redio ikaandika kwamba haioni antena. Nikinyoosha usukani, inarudi. Siku mbili nilidhani ni redio. Siku ya tatu niliinama nikiwa na tochi, nikamwomba mke wangu ageuze usukani taratibu, kulia, kushoto, na ndipo nikaona: pale shingoni kebo ilikuwa inavutika kama kamba ya upinde. Nilikuwa nimeifunga ikiwa imenyooka, usukani ukiwa katikati, bila kuiachia nafasi ya kugeuka. Kila kona ya kushoto ilikuwa inakivuta kile kiunganishi kidogo nyuma ya kipokezi, na ganda la nje la kebo lilikuwa limeanza kupauka mahali lilipokuwa linasugua fremu. Ningeiacha mwezi mzima ingekatika njiani.

Ningeweza kuongeza ulegevu nikafunika kwa mpira, na wako wanaofanya hivyo wakaenda salama. Lakini nilijiuliza kwa nini kebo ivuke sehemu inayojipinda maelfu ya mara wakati redio na kipokezi vyote viko upande uleule wa mbele. Nikafungua ganda tena. Nikakata bamba jembamba la chuma la ukubwa wa kiganja, nikalipiga rangi lisishike kutu, nikalibandika kwa gundi ya pande mbili juu ya mabano, sehemu ya juu kabisa ndani ya ganda, karibu na kioo cha upepo kinapoanzia. Antena nikaiketisha katikati ya bamba, na kwa kuwa siziamini sumaku peke yake kwenye mtikisiko, nikaizungushia kibanio. Juu yake hakuna chuma, ni plastiki ya ganda halafu anga. Kebo iliyobaki niliikunja duara pana na kuifunga. Usiikate, wala usiikunje kwa pembe kali, kwani kebo ya aina hii ikivunjika ndani haionyeshi nje. Sasa antena, kebo na kipokezi vinageuka pamoja, hakuna kinachomvuta mwenzake. Kama ganda lako linageuka na usukani kama langu, anza hivi. Kama ganda lako limefungwa kwenye fremu na haligeuki, boksi la nyuma halina ubaya.

Kuwasha huduma ni jambo dogo. Unaenda chaneli 0, redio inakuonyesha namba ya kipokezi, unaitoa unapojiandikisha, kisha unasubiri amri ije kutoka angani. Usisubirie ndani ya gereji. Toa pikipiki nje, mbali na ukuta, ielekee kusini kama inawezekana, acha redio ikiwaka. Yangu ilichukua dakika chache. Kabla ya hapo chaneli 1 inasikika bila malipo, na ndiyo niliyotumia kupima antena kabla sijarudisha ganda. Hilo nalisisitiza: pima, geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, ndipo ufunge skrubu.

Barabarani, kwenye tambarare, sina neno baya. Niliwasha BBC World Service nikiwa bado sijatoka mjini, nikaisikia mchana kutwa bila kugusa kitufe. Mvua kubwa ilinikuta mara tatu, na mara zote tatu sauti haikutikisika. Masafa haya hayasumbuliwi na mvua kama yale ya dishi za televisheni. Kupita chini ya daraja la barabara kuu nako hakukati. Mfumo wa XM hutuma matangazo yaleyale kwa setilaiti mbili, moja ikichelewa sekunde nne hivi nyuma ya nyingine, kwa hiyo kivuli kifupi kinazibwa na kilichokwisha kupokelewa.

Milimani ni habari nyingine. Mwaka huu nilipanda Blue Ridge Parkway, kilomita 755 kati ya Virginia na North Carolina, nikaipita yote kwa siku nne. Ina mahandaki 26, na 25 kati yake yako North Carolina. Mengi ni mafupi, unaingia na kutoka kabla sauti haijapotea. Pine Mountain ndilo refu kuliko yote, mita 437, na mwendo unaoruhusiwa kwenye barabara hiyo hauzidi kilomita 72 kwa saa, kwa hiyo humo ukimya unaingia na unakaa. Mahandaki nilikuwa nimeyategemea. Kilichonishtua ni majani. Sehemu ambazo miti ya pande zote mbili imekutana juu ya barabara, sauti inakuja na kukatika, inakuja na kukatika, dakika kumi nzima. Mahali ambapo mlima uko upande wa kusini, hakuna kitu mpaka uuzunguke. Nimegundua pia kwamba katika msitu wa namna hiyo nikielekea kaskazini hali ni mbaya kidogo kuliko nikielekea kusini, na naamini sababu ni mimi mwenyewe: antena iko mbele, setilaiti ziko nyuma, na kifua changu na kofia vimekaa katikati. Kwenye anga wazi tofauti hiyo siisikii.

Watu wameniuliza kwa nini nisitumie simu na programu ya muziki. Naitumia, ila kwa nyimbo nilizopakua kabla. Kule nilikokwenda mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu zaidi ya setilaiti inavyokatika chini ya miti, na simu iliyokaa juani kwenye usukani inapata joto hadi inajizima. Zaidi ya hayo, ninachokipenda ni kumsikia mtu anayezungumza saa ileile, habari za leo, mpira unaochezwa sasa hivi. Kwa muziki, ukiwa umeegesha na kuzima injini, utasikia kwamba sauti imebanwa, matoazi hayana ule mng'ao wa CD. Ukiwa kilomita 110 kwa saa na upepo unapiga kofia, tofauti hiyo haipo.

Ada ya kila mwezi ni lazima uifikirie. Mimi hupanda pikipiki kuanzia Aprili hadi Oktoba, na kama ningekuwa natembea mjini tu nisingeilipia, maana FM ya mjini inatosha. Ni kwa ajili ya siku zile za kilomita 600 na zaidi ndipo naiona thamani yake.

Majuzi nilifungua ganda kubadilisha balbu, nikatumia nafasi hiyo kukagua. Bamba halijapata kutu, gundi imeshika, kibanio kimoja cha kipokezi kilikuwa kimelegea nikakibadilisha. Ile kebo ya zamani iliyokwisha kupauka shingoni bado ndiyo naitumia. Nilizungushia utepe mweusi pale ilipochubuka, na sehemu hiyo sasa imelala ndani ya duara, haisuguani na kitu.