Ndoo ya koki lita 20 kwa nyumba yenye mtoto wa selimundu, nimeipa nyota nne

Wazazi wenzangu wenye watoto wa selimundu (sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), hasa sisi wa Dodoma tunaoishi na vumbi na maji ya mgao, leo naongelea ndoo ya koki ya kunawia mikono, zile za plastiki za lita 20 zinazouzwa Majengo sokoni. Mi yangu nlichukua elfu kumi na tatu, stendi ya chuma nikamchomeleshea fundi huku huku Nkuhungu. Ipo mlangoni kwangu tangu kiangazi kilichopita, kwahiyo naongea kitu ninachokijua.

Najua kuna mtu atasema ndoo tu nayo ya kuandikiwa maneno yote haya. Ndugu yangu, mtoto wa selimundu bandama yake inaharibika mapema sana, wengi hata miaka mitano hawajafika, na bandama ndo inayochuja bakteria kwenye damu. Maana yake wale bakteria wa kawaida kabisa, mfano yule wa nimonia ambaye watu kibao wanatembea nae puani na hata hawakohoi, akimpata mwanangu anaweza kumuangusha ndani ya masaa machache, nimonia, homa ya uti wa mgongo, sumu kwenye damu. Halafu kuna salmonela, huyu yupo kwenye kinyesi cha kuku, mayai mabichi na chakula kisichoiva vizuri, na kwa watoto wetu ana tabia mbaya ya kwenda kukaa kwenye mfupa. Sasa kuku wanashinda uani na mtoto ana miaka minne anapenda vifaranga kuliko kitu chochote, utamfungia ndani mpaka lini? Acha acheze, akimaliza ananawa.

Tuje kwenye koki maana ndo kila kitu. Zipo za kuzungusha na zipo za kusukuma. Chukua ya kusukuma, kwasababu mtoto anaifungua na kuifunga kwa kiwiko, akishanawa hashiki tena pale aliposhika na mikono michafu. Ya kuzungusha unanawa vizuri halafu unafunga kwa vidole vile vile, umefanya nini sasa? Na hakikisha stendi iwe fupi, yangu inamfika mtoto kifuani, anajihudumia mwenyewe bila kuita mama.

Nyota moja nimeitoa hapo hapo kwenye koki. Washa ya mpira, kile kipete kinachozuia maji yasivuje, inachoka haraka, maji yanaanza kudondoka chini na kwa maji yetu ya mgao inauma kweli. Nlibadilisha washa duka la vifaa vya bomba, hela kidogo tu, imetulia. Kingine ni utelezi: fungua nati, chomoa koki, ingiza kidole kwa ndani utakutana na utando unateleza, ule utando ni bakteria wamejijengea kwao. Kila jumamosi mi naichomoa, nasugua na mswaki wa zamani na maji yenye jik, nasuuza, naianika juani, na jua la Dodoma mnalijua. Ndoo ambayo koki yake haichomoki hata ikiuzwa nusu bei iache.

Sabuni mi natumia ya kipande, naiweka kwenye kisahani chenye matundu ikauke. Ile ya maji ya kupima tunayoongeza maji ili isiishe, halafu chupa ile ile inajazwa juu kwa juu bila kuoshwa, nimeiacha, bakteria wanaishi humo humo kwenye sabuni.

Faida ambayo sikuitegemea ni wageni. Dodoma bado tunatembeleana sana, na bibi wa kutoka kijijini huwezi kumwambia usimshike mjukuu. Sasa akifika unamwambia, "Shikamoo bibi, karibu, pole na safari, maji ya kunawa haya hapa," anaitikia marahaba huku ananawa, hamna aliyekwazika, ndo ananyanyua mjukuu wake.

Ila jamani ndoo isiwadanganye. Yule wa nimonia anasafiri kwa kikohozi na mafua, maji hayamfikii. Huyo anazuiwa na chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14, pamoja na penisilini ya vidonge asubuhi na jioni mpaka atimize miaka mitano, na muda mwingine zaidi kama daktari ataona. Usiruke dozi eti kwasababu mtoto anaonekana mzima. Na themometa iwepo nyumbani, joto likigusa 38.5 sisi tunaenda hospitali muda huo huo hata kama ni saa nane usiku, hatusubirii panado ifanye kazi.

Na ndoo ya kunywa iwe nyingine kabisa, yenye mfuniko. Maji yangu yanatoka kwenye simtanki, nayachemsha, siku gesi imeisha natumia WaterGuard, kidonge kimoja lita 20 na unasubiri nusu saa ndo mnywe.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji ajaze maji pale pale dukani usubiri kidogo, upitishe mkono chini ya koki. Ukiona unyevu achana nayo akupe nyingine, na omba washa ya akiba kabisa kabla hujalipa.